Kuacha Kazi Bila Notisi: Zamani Ungefungwa, Leo Unadaiwa

Mwaka jana, Jumanne moja saa nne asubuhi, nilivua dastikoti ya kazi, nikaikunja, nikaiweka juu ya kaunta na nikatoka. Sikuandika barua. Sikuaga mtu. Nilitembea kutoka Makutano hadi Gakoromone nikiwa na simu, chaja na shilingi 140, nikijiona shujaa.

Ushujaa uliisha saa nane mchana. Mdosi alinitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Sitarudia yote manake kuna watoto wanasoma hapa, lakini ulimalizika hivi: "Umehepa kazi. Hiyo ni kesi. Nitakuitia polisi ulale ndani. Na hizo siku zako 19, sahau."

Nilikuwa na miaka 21. Chuo nilikuwa nimeacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya mshahara wa mwezi: kuuza misumari, rangi na mabomba kwa duka la hadiwea, shilingi 15,000. Nilikuwa nimefanya miezi saba na siku 19. Niliondoka kwa sababu hesabu ya duka ilipungua shilingi 6,200 na sisi vijana watatu tukaambiwa tugawane hilo deni, bila mtu kuonyesha nani alikosea wapi.

Nilizima simu siku mbili. Kila gari likisimama nje ya ploti najua ni karao wamekuja. Siku ya tatu nikapanda matatu nikaenda Nkubu kwa babu yangu. Nikamwambia kila kitu. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Amekaa na kipande chako?"

Nikatoa kitambulisho kwa mfuko nikamwonyesha. "Ninacho, babu."

Akatikisa kichwa. "Basi huna kesi. Enzi za baba yangu, mtu akikaa na kipande chako umeisha."

Sikuelewa. Sisi hapa Kenya tunaita kitambulisho kipande kila siku. Unaingia jengo, askari anakuambia acha kipande. Unasajili laini, unaulizwa namba ya kipande. Sikuwahi kujiuliza hilo neno lilitoka wapi. Nikaanza kusoma, na nilichokuta ndicho kilinifanya niandike hii. Ile vitisho ya mdosi wangu ilikuwa sheria kamili zamani. Watu wa hapa Meru na Embu walifungwa nayo. Na wengine Nairobi walipigwa risasi wakiipinga.

Wacha nianze mwanzo.

Mwaka 1906 Waingereza waliwashinda Waembu vitani. Muda mfupi baadaye wakafungua boma Meru chini ya ofisa anaitwa E. B. Horne, yule wazee wetu walimpa jina la Kangangi. Mwaka huo huo wa 1906, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyoitwa ya Mabwana na Watumishi. Jina lenyewe linakuambia kila kitu. Kuna bwana, kuna mtumishi.

Hiyo sheria ilifanya mkataba wa kazi kuwa jambo la jinai kwa upande wa mfanyakazi. Ukikosa kufika kazini bila ruhusa, kosa. Ukilewa kazini, kosa. Ukimtukana mwajiri, kosa. Na kubwa kuliko yote, ukiacha kazi kabla mkataba uishe, kosa. Si kosa la kufutwa. Kosa la kupelekwa mbele ya hakimu, upigwe faini au ufungwe. Mlowezi akikosa kukulipa, hiyo ilikuwa shida nyingine, na ungehitaji moyo mkubwa sana kwenda kumshtaki kwa ofisa ambaye Jumamosi jioni wanakunywa pamoja.

Sasa sikiza hii. Huko kwao Uingereza walikuwa wameshaifuta. Wafanyakazi wa Uingereza walipigana miaka mingi na sheria ya aina hiyo hiyo, jina hilo hilo la bwana na mtumishi, mpaka mwaka 1875 Bunge lao likaamua kwamba mtu akivunja mkataba wa kazi, hiyo ni kesi ya madai tu. Unalipa fidia, hufungwi. Miaka 31 baadaye, watu hao hao wakachukua kile walichokitupa nyumbani, wakakileta hapa kwetu. Mfanyakazi wa kiwanda Manchester akiacha kazi ni mdaiwa. Kijana wa Meru akiacha shamba la mlowezi ni mhalifu.

Kwa nini walihitaji jela? Kwa sababu hakuna mtu alikuwa anataka hizo kazi. Watu walikuwa na mashamba yao, mbuzi wao, mtama wao. Mlowezi amepewa ardhi kubwa lakini hana mikono ya kuilima. Kwa hiyo wakaleta kodi ya nyumba ili ulazimike kutafuta pesa. Kodi inakutoa nyumbani. Sheria ya jela inahakikisha ukishafika shambani hutoki.

Lakini bado watu walikuwa wanatoka. Na hapa ndipo kuhepa kazi kunaanza kuwa historia ya maana. Fikiria: mlowezi wa Nanyuki anamtafuta mfanyakazi wake aliyehepa. Atamjuaje? Hana picha. Anajua jina moja, na huyo msee akifika shamba la pili anajiita jina lingine. Kwa miaka mingi kuhepa ndiyo ilikuwa silaha kubwa ya mfanyakazi. Chakula kibaya, unahepa. Kiboko, unahepa. Mshahara umecheleweshwa, unahepa. Hakukuwa na chama cha wafanyakazi, hakukuwa na korti ya kukusikiza. Miguu yako ndiyo ilikuwa wakili wako.

Ndiyo wakatengeneza kipande.

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, lakini vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimechacha, kwa hiyo ilianza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kuwa nacho. Ndani kiliandikwa jina lako, kabila lako, mahali unatoka na alama za vidole vyako. Halafu kikawa na nafasi za kila mwajiri: ulianza lini, unalipwa ngapi, na uliachiliwa lini. Kiliwekwa ndani ya kikopo cha chuma kilichofungwa kamba, unavaa shingoni. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Ile sehemu ya kuachiliwa ndiyo ilikuwa mtego. Ukitaka kuondoka, lazima mwajiri asaini kwamba amekuachilia. Asiposaini, bado wewe ni wake. Ukienda shamba lingine, wanafungua kikopo, wanaona hujasainiwa, wanajua umehepa. Polisi wakikusimamisha barabarani, hadithi ni hiyo hiyo. Na ukikitupa, alama za vidole ziko kwa ofisi Nairobi.

Sasa nikaelewa swali la babu. Aliniambia baba yake alifanya kazi mashamba ya walowezi upande wa Timau, na kwamba kitu ambacho wanaume walikuwa wanaogopa kuliko kiboko ni bwana kukasirika na kukataa kusaini. Kiboko kinapona. Kipande kisichosainiwa kinakufuata kila mahali.

Mwaka huo wa 1919, Gavana Edward Northey alitoa waraka kuwaambia maofisa na machifu wasukume vijana waende kufanya kazi kwa walowezi. Mwaka 1921 walowezi wakakubaliana wapunguze mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Jumlisha sasa: kodi iko juu, mshahara umepunguzwa, na huwezi kuacha kazi. Msee anaweza kufanya nini?

Harry Thuku alikuwa kijana, karani wa simu kwa serikali Nairobi, akaanza kuwaita watu kwenye mikutano. Alizungumza kuhusu kipande, kodi na mishahara. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, karibu na Norfolk Hotel, ukidai aachiliwe. Tarehe 16 wanaume walipoanza kusitasita, mwanamke anaitwa Mary Muthoni Nyanjiru akawaaibisha mbele ya watu wote, akawaambia kama wanaogopa wampe suruali zao. Umati ukasonga. Polisi wakapiga risasi. Nyanjiru akafa pale, na zaidi ya watu 20 wakafa pamoja naye. Thuku akapelekwa Kismayu, akawekwa mbali na nyumbani hadi 1930.

Shuleni tulifundishwa hii stori kama mwanzo wa siasa ya uhuru, tukaandika kwa mtihani, tukapata alama. Hakuna mwalimu alinieleza kwamba ndani yake kulikuwa na hasira ya kawaida kabisa, ile mimi na wewe tunaijua: nataka kuacha hii kazi na hawaniruhusu.

Na kipande hakikuisha 1922. Kiliendelea miaka mingine 25.

Meru na Embu zina sehemu yao kwa hii hadithi ambayo haisemwi sana. Kahawa. Walowezi walikuwa wamepigana Waafrika wasiruhusiwe kuipanda. Walitoa sababu za magonjwa ya mimea na wizi, lakini sababu nyingine ilikuwa wazi: mtu akiwa na kahawa yake nyumbani, kwa nini aje akuchumie yako? Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ilipolegeza kidogo, sehemu za kwanza kuruhusiwa zilikuwa Kisii, Embu na Meru. Miti michache, masharti mengi. Lakini kwa mzee aliyekuwa na hiyo miti michache, kahawa ilikuwa jibu la kodi. Ilikuwa njia ya kutovaa kikopo tena. Ukipita Nkubu au Runyenjes ukiona kahawa, ujue kuna mtu alikuwa anapanda notisi yake ya kuacha kazi.

Kipande cha Waafrika peke yao kilifutwa kwa sheria ya mwaka 1947 iliyosema kila mtu asajiliwe, mweusi, Mhindi na mzungu. Na unajua nini kilitokea? Walowezi walipoambiwa na wao waweke alama za vidole, wakapiga kelele mpaka tume ikaundwa. Walisema ni kudhalilishwa. Wakatafutiwa njia nyingine, ya picha na sahihi. Kitu ambacho babu zetu walivaa shingoni zaidi ya miaka 25, wao hawakuweza kuvumilia hata kabla kianze.

Kwetu hapa hata hiyo nafuu haikudumu. Hali ya Hatari ilipotangazwa 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa kwa kundi moja, na vibali vya kusafiri na pasibuku maalum zikaanza. Bila mwajiri wa kukuandikia, huna ruhusa ya kuwa mjini. Kwa hiyo kazi ikarudi kuwa kamba. Ukiiacha, umeacha na ruhusa ya kukaa mahali ulipo.

Dunia nayo ilikuwa inabadilika. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mkataba mwaka 1939 wa kupunguza adhabu za jinai kwa wafanyakazi wa makoloni wanaovunja mikataba, na mwaka 1955 lingine la kuzimaliza. Kenya ilipopata uhuru, mwaka 1964 ikaweka sahihi ile mikataba ya ILO ya kupinga kazi ya kulazimishwa. Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 30, inasema hakuna mtu atafanywa mtumwa au kulazimishwa kufanya kazi. Kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini.

Sasa turudi kwa mimi na dastikoti yangu.

Sheria tunayotumia leo ni Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo ilianza kufanya kazi Juni 2008. Hakuna kosa la jinai ndani yake linaloitwa kuhepa kazi. Mdosi hawezi kukuitia polisi kwa sababu umeacha kuja. Kama umetoka na pesa za duka au simu ya kampuni, hiyo ni stori nyingine, inaitwa wizi na utashtakiwa kama mwizi. Pia kama wewe ni mwanajeshi au polisi, sahau kila kitu nimesema, manake nyinyi kutoroka kazi bado ni kosa. Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi Mombasa iliwahukumu waliokuwa wanajeshi wa jeshi la majini ambao walikuwa wameondoka wakaenda kutafuta pesa Mashariki ya Kati. Lakini wewe wa duka, wa hoteli, wa saluni, wa ofisi, hufungwi kwa kuondoka.

Lakini, na hapa ndipo wengi wetu tunajidanganya, haimaanishi unaondoka bure.

Sheria inasema hivi. Kama unalipwa kwa siku, mkataba unaweza kuisha mwisho wa siku, bila notisi. Kama unalipwa kwa wiki au kipindi kingine kifupi kuliko mwezi, notisi ni ya urefu wa kipindi hicho. Kama unalipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, kwa maandishi. Kama uko kwa kipindi cha majaribio, ni siku saba. Mkataba wako unaweza kusema muda mrefu zaidi, na ukisaini umesaini, kwa hiyo soma kabla hujaweka kalamu. Na hii inafunga pande zote mbili. Mdosi akikufuta ghafla bila sababu ya utovu mkubwa wa nidhamu, anakulipa hizo siku. Wewe ukiondoka ghafla, unamlipa hizo siku.

Umesoma vizuri. Unamlipa yeye.

Nilifanya hesabu yangu kwa daftari. Mshahara 15,000, siku moja ni 500. Siku 19 nilizofanya: 9,500. Notisi ya siku 28 ambayo sikutoa: 14,000. Mimi ndiye nilikuwa na deni la 4,500. Nilikuwa nimekaa siku tatu nikimlaani mdosi na kumbe kwa karatasi yeye ndiye ananidai.

Niliudhika kidogo, sitadanganya. Halafu nikaona tofauti. Baba ya babu yangu angelipa hiyo siku kwa mwili wake. Mimi ninalipa kwa pesa. Deni unaweza kulijadili, unaweza kulilipa polepole, unaweza hata kushinda ukilipinga. Mdosi akitaka hizo 4,500 anaenda korti ya ajira, anafungua madai, anathibitisha. Kitu pekee kinachoweza kukufikisha jela hapo ni korti ikuamuru ulipe, uwe na uwezo, na ukatae tu.

Na kuna vitu mdosi hawezi kufanya hata kama umekosea. Siku ulizofanya kazi ni zako. Hata mtu aliyefutwa kwa kosa kubwa anapaswa kulipwa mpaka siku yake ya mwisho. Ile biashara ya "tugawane hasara" pia ina mipaka: mwajiri anaruhusiwa kukukata kwa mali iliyoharibika au kupotea kama ulifanya makusudi, na kiasi kiwe cha haki. Pesa zikipungua, anaweza kukukata kama mkataba ulikukabidhi wewe pesa hizo na zikapotea kwa uzembe au udanganyifu wako. Hakuna mahali imeandikwa watatu mlipe sababu watatu mlikuwepo. Na akitaka kusema ulitoroka kazi, korti imesema mara nyingi lazima aonyeshe alikutafuta akuulize uko wapi. Hawezi kukaa kimya halafu akajitokeza na hiyo stori baadaye.

Mkataba wa maandishi sikuwa nao. Nilidhani hiyo ni shida yangu. Kumbe kazi ya miezi mitatu kwenda juu inapaswa kuandikwa, na jukumu la kuandika ni la mwajiri. Mkivutana kuhusu mlikubaliana nini, yeye ndiye anabeba mzigo wa kuthibitisha.

Kuna pia kuondoka ambako sheria inakuona kama umefukuzwa. Mshahara haujalipwa miezi, umeshushwa cheo bila sababu, mazingira yamekuwa hayavumiliki kwa sababu mwajiri amevunja mkataba kwa njia kubwa. Mahakama ya Rufaa ilieleza hiyo kanuni vizuri mwaka 2015 kwenye kesi moja iliyohusu kampuni ya Coca-Cola. Hapo unaweza kuondoka bila notisi na wewe ndiye udai. Lakini uwe na ushahidi. Skrinshoti, barua, tarehe. Hasira peke yake si ushahidi, na mimi nilikuwa na hasira tu.

Nilienda ofisi ya leba. Ni bure, huhitaji wakili, na una miaka mitatu ya kudai, lakini usingoje. Tuliitwa wawili, tukakaa. Mdosi alikuja na daftari lake na mimi na langu. Hakurudia neno polisi hata mara moja. Tulikubaliana hakuna anayemdai mwenzake: anabaki na 9,500 zangu, mimi nasamehewa 4,500 zake, ile hasara ya duka haitajwi tena, na ananiandikia cheti cha kazi. Hicho cheti ni haki yako ukifanya zaidi ya wiki nne, hata ukiondoka vibaya. Si barua ya kukusifu, inasema tu ulikuwa nani, ulifanya nini, kuanzia lini hadi lini. Mwajiri akikataa kwa makusudi ni kosa, faini hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi miezi sita.

Fikiria hiyo tena. Mwaka 1920, mwajiri akikataa kusaini karatasi yako, wewe ndiye unafungwa. Leo akikataa kukupa karatasi yako, yeye ndiye anaweza kufungwa.

Sijaandika hii ndio tushangilie kwamba yote yameisha. Kila wiki kuna dada yetu wa Maua, wa Chuka, wa Embu anapanda ndege kwenda Ghuba. Akifika, visa yake imefungwa kwa mwajiri. Akiondoka kwa hiyo nyumba, hata kama amepigwa, hata kama hajalipwa, mwajiri anaripoti ametoroka. Saudia wanaita huroob. Ukishaandikwa hivyo wewe ni mtu haramu nchini, unaweza kukamatwa, kuwekwa kizuizini na kurudishwa. Machi 2021 Saudia ilianza mabadiliko ya kuruhusu wafanyakazi wahame waajiri kwa urahisi zaidi, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuwekwa ndani. Na ndio hao wengi wetu. Mtu anakaa na pasipoti yako, bila ruhusa yake huwezi kuondoka, ukiondoka ni kesi. Babu yangu angekijua hicho kitu mara moja. Hakina kikopo tu.

Kwa hiyo hii ndiyo maoni yangu, na mnaweza kunipinga. Kizazi chetu kinapenda kuhepa. Unazima simu, unabloku meneja, unaposti umejipata. Zamani kuhepa kulikuwa na maana kwa sababu hakukuwa na mlango mwingine. Ungeandika barua gani ya notisi na sheria inakuita mtumishi? Sisi tuna mlango. Watu walikufa pale Norfolk na huu mlango haukuwa umefunguliwa bado, ulichukua miongo mingi baada yao. Unaitwa siku 28 na karatasi moja. Ukiandika "Mimi fulani naacha kazi, siku yangu ya mwisho ni tarehe fulani," ukaweka sahihi na ukabaki na nakala, hakuna mtu anaweza kukataa. Kuacha kazi hakuhitaji mdosi akubali. Akikuambia ondoka leo leo, hizo siku za notisi bado anakulipa.

Kama huwezi kukaa hizo siku 28, basi jua bei na uondoke ukijua. Lakini usiondoke kama mimi, halafu ukae siku mbili simu imezimwa ukiogopa sheria ambayo haipo tena.

Niliporudi Nkubu kumwambia babu tulivyomaliza, alitaka kuona cheti. Alikisoma polepole, akafika chini pale mdosi aliweka sahihi, akaweka kidole hapo.

"Amesaini," akasema. Akanirudishia, tukaenda kunywa chai.